Mluzi wa Marehemu Mjomba Gwenzi

Jumatatu, 4 Novemba
Nimechukua darubini ya marehemu Mjomba Gwenzi kabla ukoo haujakaa kugawa vitu vyake. Siyo wizi. Ijumaa nyumba ya wageni hapa Vumba inachagua mtu wa kushika kazi ya Mjomba ya kuwatembeza wageni msituni. Mtihani: kutambua ndege ishirini kwa sauti tu. Mpinzani ni mmoja, Muchaneta, binti wa jirani. Anajua ndege wote. Mimi najua kuku.

Jumanne, 5 Novemba
Msituni alfajiri. Ndege sikuona. Nikasikia mluzi kichakani: miwili mifupi, mmoja mrefu. Mluzi wa Mjomba, aliokuwa akimwitia mbwa wake. Tulimzika Agosti. Miguu ilikataa kukimbia, kisha ikakubali kupita kiasi. Nimepoteza kiatu.

Jumatano, 6 Novemba
Nimerudi kumrudishia darubini yake. Nikapiga magoti, nikapiga makofi ya heshima, nikaungama. Nikaungama na habari ya mbuzi wake aliyepotea, kwa usalama zaidi. Mluzi ukajibu, hatua tatu tu kutoka nilipopiga magoti. Kisha mbwa akabweka ndani ya kichaka kilekile. Mbwa naye alishakufa. Nikalia.

Muchaneta alikuwa nyuma ya mti, amesikia yote.

“Kaka Zvidzai, huyo ni ndege, kurumbizi,” akasema. “Tazama chini, siyo juu.”

Kweli. Mdogo kuliko ngumi, kifua rangi ya chungwa, anapekua majani makavu kivulini. Kumbe huiga sauti anazozisikia kila siku, na Mjomba alipita hapo na mbwa wake kila asubuhi.

“Na huyo mbuzi?” akauliza. Nikamsihi anyamaze. Darubini nimeichukua tena, maana aliyejibu ni ndege.

Alhamisi, 7 Novemba
Mtihani ni kesho, na bado najua kuku tu. Lakini nimepata njia. Kama kurumbizi huiga kila mtu, basi kila sauti yaweza kuwa yeye. Majina ishirini ya nini?

Ijumaa, 8 Novemba
Nimejibu “kurumbizi” mara ishirini. Nimepata moja. Hata tai nilimwita hivyo, na tai mwenyewe tulikuwa tunamwona. Muchaneta kapata zote. Akaniambia nije kila asubuhi, atanifundisha bure.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimemkatalia. Mtu mwerevu hahitaji kufundishwa na binti wa jirani. Nimesikia wanatafuta pia mtu wa kushika nyoka kwa mkono na kuwaonyesha wageni. Nimeuliza mara mbili, nikahakikishiwa: nyoka hawaimbi. Nimeomba kazi hiyo leo.