Umetuficha Mgonjwa

Kwa Bi Annelies,
Mkuu wa Shirika la Mikono ya Mbali,
Uholanzi.

Bi Annelies,

Baada ya salamu nyingi kuliko unavyostahili, umepotelea wapi wewe? Masika yamepita, vuli imepita, masika mengine haya yameingia, na mlango wangu hujaukaribia. Kuku wangu naye hupotea, lakini akirudi huja na vifaranga. Mimi Mwanasaumu, nyanyake Rama, yule mjukuu wangu ambaye miguu haikumkubalia kutembea, na ambaye wewe mwenyewe ulimletea kiti cha magurudumu, nimekasirika. Sikusoma, kwa hivyo anayeandika ni Mercyline, mpishi wa kituo cha watoto. Amenisihi niseme kwa adabu. Hii ndiyo adabu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wageni wenu walikuja kituoni juzijuzi bila wewe. Nikamuuliza yule kijana mrefu anayewaongoza, Annelies yuko wapi? Akasema binti yako Femke amepasuliwa mgongo, amelazwa, hata kukaa hawezi. Kisha akateremsha sauti, akasema tusiulize zaidi, hayo ni mambo yako ya binafsi. Binafsi! Mwanangu, mgonjwa anakuwaje wa binafsi? Hapa Likoni mtoto akipata homa asubuhi, adhuhuri mlangoni hapapitiki kwa viatu vya watu. Ugonjwa wa Rama wewe uliujua mpaka chooni, ukaupiga picha, ukauweka kwenye kalenda ya shirika, yeye ndiye mwezi wa Agosti. Wa Femke sisi tumeambiwa tusiulize.

2. Kwa sababu hiyo, akina mama wa mtaa tumeunda shirika letu, la kuwazuru watoto wagonjwa wa Uholanzi. Mwenyekiti ni mimi. Katibu ni Mercyline. Jirani yangu Zuleikha ni Ofisa wa Kutikisa Kichwa kwa Huruma, maana kila kundi lenu huja na mtu wa kazi hiyo. Fulana za njano zimeshashonwa. Tulitaka kuzitia picha ya Femke, lakini tuliyo nayo ni ile uliyomwachia Rama, anacheka juu ya baiskeli, na Mercyline anasema tangu aanze kazi hajaona shirika likitoa picha ya mtoto anayecheka kabla hajasaidiwa. Tafadhali tutumie moja akilia. Nzi si lazima.

3. Mapokezi. Mkija ninyi, watoto wetu huogeshwa alfajiri, hupakwa mafuta, hupangwa langoni juani kusubiri basi lenu lililokwama feri. Huimba. Rama huimba mate yakimtoka, na hapo ndipo kamera zenu hukaribia. Basi siku tutakayokuja sisi, madaktari wote wapangwe langoni, wameoga. Mkuu wa hospitali aongoze wimbo, wauguzi wacheze ngoma ya asili ya kwao. Femke anaruhusiwa kuimba akiwa amelala. Sisi si watu wagumu.

4. Tutapaka ukuta rangi. Najua ukuta wenu hauna kasoro. Wetu nao haukuwa nayo, lakini kila kundi hupaka, mpaka mlango wa darasa sasa haufungiki kwa unene wa rangi. Kundi la mwisho lilichora twiga anayecheka meno yote nje, na mtoto mmoja, Kai, hakubali kuingia humo ila amefunikwa leso machoni. Nyinyi Zuleikha atawachorea pweza.

5. Mlituletea kofia za sufu, masanduku kwa masanduku. Tukazivaa, tukapigwa picha, jasho likituingia puani. Sisi tutaleta vipepeo vya ukili vya kutosha wodi nzima, na wagonjwa watatakiwa wajipepee wakitabasamu, hata kama nje ni barafu.

6. Rama aliulizwa na mgeni wenu, kamera iko usoni, kabla hatujaja maisha yako yalikuwaje? Akajibu, nilikuwa mdogo. Wakamwambia aseme tena, lakini kwa huzuni. Femke naye tutamuuliza, na akisema maisha yalikuwa mazuri tutamrudisha mwanzo.

7. Usidhani hatuna uzoefu, mazoezi tumefanya. Katika hoteli moja kule Shanzu kulikuwa na mtoto wa kizungu aliyevunjika mguu. Habari tulizipata kwa Odhiambo, bawabu wa pale, ambaye mkewe yumo katika shirika letu. Tukaenda na fulana zetu na kikapu cha mahamri. Meneja akatuuliza kama tuna miadi. Miadi na mgonjwa! Kisha akadhani sisi ni ngoma ya watalii, akatuonyesha jukwaa. Tukalipita. Tukaingia chumbani, tukaketi chini, sisi tukaomba dua, Mercyline akaimba wimbo wa kanisani kwao, mtoto katukodolea macho. Mamake alikuwa anaoga. Alipotoka alipiga ukelele, wallahi nikadhani naye kavunjika. Akauliza ni nani aliyetwambia. Nikamjibu, kila mtu. Akasema yeye hajui mtu hata mmoja Kenya nzima. Nikamwambia haya, sasa unatujua sisi, kula. Akala mahamri kwa mikono miwili, akalia, kisha akalala palepale na taulo lake kichwani, na sisi tukabaki na mtoto mpaka magharibi. Kupiga picha tulisahau. Katibu ameonywa.

8. Tangu siku hiyo hasira yangu imezidi. Najiuliza, huko wewe ni nani anayekaa na Femke ili upate kufumba macho? Yule kijana wenu anasema watu wa kwenu hutuma kadi. Kadi! Kadi itamgeuza mgonjwa ubavu? Kadi itakupikia uji? Kwa hivyo tunadai, kwa heshima zote, tufunguliwe mlango wa hospitali. Ukikataa, tutaandika kwenye ripoti yetu kwamba jamii ya huko haitoi ushirikiano, na kwamba inahitaji kuelimishwa.

Wasalimie madaktari, mumeo, mamako, na majirani zako wa kulia na wa kushoto. Hao ambao hawajaja kumtazama mgonjwa, wasalimie kwa ukali. Rama anakusalimu, na amesema umwambie Femke kidonda kikiwasha asikune, apulize. Zuleikha anakusalimu kwa kichwa.

Ni mimi niliyekukasirikia kwa sababu wewe ni wangu,

Mwanasaumu binti Munga (dole gumba)
Mwenyekiti, Likoni, Mombasa

Nyongeza baada ya dole gumba: Hatuji. Mercyline alipiga simu ubalozi wenu kutuulizia safari. Wanataka nithibitishe kwamba nikienda nitarudi. Nikasema Rama yuko hapa, huko nitabaki kufanya nini? Wakauliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Nikasema nyanyake. Wakasema na hilo nalo nilithibitishe. Basi futa yote niliyodai, waache madaktari wafanye kazi yao. Na mambo haya ya kwenda kwa wagonjwa makundi makundi sitaki kuyasikia tena, yenu wala yetu. Femke akiweza kusafiri, mlete. Usitoe habari kituoni, wasije wakaogesha watoto bure. Pitia uani, piga hodi kwa sauti maana sikio langu moja limechoka, umlaze mkekani karibu na Rama. Kisha wewe ingia chumbani kwangu, ulale mpaka usingizi wenyewe uchoke. Zuleikha na wenzake wakija, nitasimama mlangoni niwaambie hapa hakuna mgonjwa. Wataleta zogo. Ukilisikia, usitoke.