Reli ya Kumfikia Baba

Jumatatu, 3 Machi
Dada amekuja na uamuzi, si mazungumzo. Baba atahamia kwake. Anasema tangu Mama atutoke, Baba hasemi, hali chakula vizuri, na mimi ni kapera wa makamo ninayeunguza hata maji. Nimemwomba anipe hadi Jumamosi. Amekubali kwa ule upole wake unaouma kuliko matusi.
Nina mpango! Baba aliendesha treni maisha yake yote. Basi nitamjengea reli ndogo kutoka jikoni, kupitia sebuleni, hadi kitandani kwake. Chai itamfikia kwa treni. Atatabasamu. Atasema neno. Dada atanyamaza. Sioni kasoro yoyote.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata treni ya kuchezea kwa fundi redio. Injini, mabehewa machache, na transfoma inayonguruma kama paka aliyekanyagwa. Nimegongomelea reli juu ya mbao. Tatizo: kizingiti cha jikoni. Treni haipandi. Nimejenga daraja kwa vitabu vyangu vya shule. Hatimaye vimepata kazi.
Baba alikuwa akinitazama kupitia mlangoni. Akapigapiga godoro kwa kiganja, taratibu. Moyo uliniruka. Anaiga mdundo wa magurudumu! Nimemwambia avumilie, reli inakuja.

Alhamisi, 6 Machi
Mlango wa chumba cha Baba unakataa kukaa wazi. Itabidi utobolewe. Nimemwomba shemeji, mume wa Dada, ambaye ni seremala, aniazime msumeno. Ameuleta mwenyewe, uso wa msibani. Akauliza kama nimeshajaribu kumpelekea mzee chai kwa miguu. Husuda tupu.
Mimi nikikata tundu, yeye akaingia akaketi kitandani. Nikamsikia akimsimulia Baba habari za kabati lililomwangukia mteja. Baba akakohoa, kikohozi kinachokaribia sana kicheko. Hila zake nimezijua. Nikamwita haraka aje anishikie reli.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya siku. Dada ameketi sebuleni, mkoba mapajani. Nimeweka kikombe cha chai juu ya behewa, nikawasha. Treni ikatoka jikoni. Ikavuka daraja. Dada akasimama, mkono mdomoni. Shemeji, yule yule, akasema, “Haki ya Mungu, itafika.”
Haikufika. Nilizidisha mwendo ili kuwakoga, na kwenye kona mabehewa yakaruka. Chai yote juu ya zulia la Mama! Injini peke yake ikaendelea, ikapenya tundu, ikaingia chumbani.
Nikaifuata. Baba alikuwa ameinama, ameiokota, ameikumbatia kifuani. Machozi yanamtiririka.
“Mama yako angecheka,” akasema. “Angecheka mpaka akae chini. Unajua, siku ile nilipomleta kwa treni...”
Amesema! Baba amesema! Nikachomoka mbio kumwita Dada, nikamvuta mkono, nikamwambia aje asikie kwa masikio yake. Tuliporudi, Baba alikuwa ameelekeza uso ukutani. Nilimbembeleza arudie. Wapi.
Dada amesema ananiamini. Kisha akaanza kukunja nguo za Baba.

Jumapili, 9 Machi
Wameondoka. Nimebeba sanduku mpaka kwenye gari, nikalirudisha kwa kisingizio kwamba kufuli ni bovu, shemeji akaja kulichukua bila kuniuliza kitu. Baba alinishika mkono dirishani. Mkono wake umekuwa mwepesi sana.
Dada alinivuta kando.
“Alipokuwa anapigapiga lile godoro, kama ulivyonisimulia,” akasema, “alikuwa anakuita ukae. Hakutaka chai, mdogo wangu. Alikutaka wewe.”
Nilitazama gari mpaka likakata kona, kisha nikaenda kuketi kitandani kwake. Godoro bado lina umbo lake. Nimelia. Si kidogo.

Jumatano, 12 Machi
Nimeendesha treni. Imefika chumbani bila kumwaga hata tone. Hakuna wa kuipokea. Chai nimeinywa mwenyewe, nimesimama.

Jumapili, 16 Machi
Nimekwenda kumwona Baba. Dada anasema tangu asubuhi ananisubiri, na ameomba anyolewe ndevu. Nilimkuta kibarazani, shati limepigwa pasi, viti viwili vimewekwa bega kwa bega. Aliponiona akasema, waziwazi kabisa, “Leo usiende haraka.”
Nikaketi. Nikafikiria maneno ya Dada, na safari hii yakaniingia mpaka kwenye mifupa. Baba hakutaka chai. Kosa langu lote lilikuwa chai!
Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimulia, kuhusu Mama na kofia iliyopeperushwa dirishani, nilipogeuka kidogo nikaiona korido ya Dada. Ndefu. Imenyooka kama rula. Haina kizingiti hata kimoja! Humo treni inaweza kubeba uji, magazeti, hata blanketi. Nikamwambia Baba ashikilie hapo hapo kwenye kofia, nikaenda kuipima kwa hatua. Halafu nikakumbuka kwamba fundi redio hufunga mapema Jumapili, nikatokea mlango wa nyuma, mbio.
Kutoka barabarani nilimwona Baba bado yuko kibarazani, anakitazama kiti changu, ameweka kiganja juu yake. Nimefarijika mno. Bila shaka anakadiria kama behewa litapita chini.