Mwaridi wa Harusi ya Binti

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu anaolewa Jumamosi. Anataka picha zipigwe hapa nyumbani, penye maua. Mbele ya nyumba yetu pana mchanga na kamba ya nguo. Anasema tukikosa maua, jirani ameshamkaribisha kwake. Jirani mwenyewe Mkaguzi, mstaafu anayekagua hadi takataka zangu. Labda mimi niwe nimekufa.

Mama watoto anashauri waridi. Mimi nataka mti. Mti ni heshima, unaonekana toka barabarani.

Jumanne, 4 Juni
Kwa muuza miche. Nilichagua mjakaranda, mwembamba lakini una sura ya ukubwa. Nikauliza utachanua lini. Akasema huenda mjukuu wangu wa kwanza akianza shule. Basi nikachukua mwaridi, si kwa sababu mke wangu alisema. Mkubwa kuliko yote, umejaa matumba. Akanisisitizia nikishaupanda nisiuguse, mizizi haitaki kusumbuliwa. Wauzaji wana maneno. Nimeupanda getini.

Jumatano, 5 Juni
Pale getini anayefaidi maua ni Mkaguzi. Nimeung'oa, nikauhamishia chini ya dirisha la sebule. Mama watoto akauliza kama nimesahau nilivyoambiwa. Nikamjibu najua ninachofanya.

Alhamisi, 6 Juni
Dirishani jua kali mno. Nimeuhamishia ukutani. Matumba kadhaa yamedondoka. Yalikuwa dhaifu hayo, bora yameondoka mapema. Mkaguzi alichungulia juu ya ukuta akauliza mwaridi una safari ya wapi. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeurudisha getini. Imebaki miiba. Binti alitoka, akautazama, akaingia ndani. Nikamsikia jikoni akimwambia mama yake basi, wakaombe kwa jirani. Sauti ilikuwa ya kulia.

Jumamosi, 8 Juni
Picha zimepigwa kwa Mkaguzi. Maua yamepanda mpaka kwenye paa, sikatai. Nilisimama mbele katika kila picha.

Kabla ya kuingia kwenye gari, binti alinivuta hadi getini kwetu, akamwita mpiga picha. Tukapigwa moja, mimi, yeye na ile miiba. Akanishika mkono, akaniomba nisiuguse tena, ili akija kututembelea aukute pale pale. Nikamwahidi. Nililia, na sijali nani aliniona. Mkaguzi aliniona.

Jumapili, 9 Juni
Nyumba kimya mno. Asubuhi nimekwenda getini, nikakuta jani jipya! Dogo, jekundu, limechomoza chini kabisa. Nilijua tu, mkono wangu una baraka. Hata mama watoto alikuja kulitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Binti atafurahi sana. Ila akija atakuwa anakaa sebuleni, huko getini ataliona saa ngapi? Jioni jua likipoa nauhamishia dirishani.