Lecteur Wetu Amepatikana

Mheshimiwa Mlezi wa Jumuiya, ambaye ni mimi. Katibu wa Kudumu wa Muda, Bwana Shafiek. Wachungaji, mapadre na masheikh. Mama zetu wa saluni za hapa mtaani Point. Vijana wa maduka ya simu. Wapangaji wa Berea mliopanda taksi mbili kuja hapa, na wale wa Morningside mnaosema mko njiani tangu asubuhi: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Kiti kimoja kinavunjika.)

Mimi, Mhandisi wa Heshima Niyonkuru, Mwenyekiti wa Kituo chetu cha Multimedia, nasimama mbele yenu katika muktadha wa mchakato wa utekelezaji wa zoezi zima la kutazamisha DVD ya arusi ya binti Inès, iliyofungwa kule Uvira mwezi uliopita, ambayo mama yake mzazi, Mama Huguette huyu hapa mbele, hakuiona kwa sababu makaratasi yake ya ukimbizi hayamruhusu kuvuka mpaka na kurudi, na ambaye kwa siku tisa sasa anatembea na diski hiyo mkobani akiigusagusa. (Wanawake: "Pole, mama!") Kilio chake kimefika ofisini kwangu na kimepewa namba ya faili.

Ndugu wadau, laptop iligoma. Je, tulikaa kimya? Hatukukaa! Tuliunda kamati ndogo, nayo ikazaa kamati ndogo zaidi, tukafanya upembuzi yakinifu, tukaifuta diski kwa fulana yangu mimi mwenyewe, tukaizima laptop na kuiwasha mara kumi na nne, na takwimu nilizozikokotoa kwa mkono wangu zinaonyesha kwamba asilimia hamsini ya DVD hiyo imekwisha kutazamwa, yaani jalada. (Makofi machache.)

Ndipo fundi Cédric wa duka la simu akatuletea ripoti ya mstari mmoja: "Laptop hii haina lecteur." Kiongozi mwingine angekata tamaa. Mimi nilicheka! Kanisani kwetu nani asiyemjua lecteur, yule anayesimama mimbarini kutusomea somo la kwanza? Nikatangaza nafasi, nikafanya usaili, na leo kwa fahari isiyo kifani namtambulisha kwenu Bwana Séverin, msomaji wa misa ya pili, mwenye sauti ya kufika bandarini, aliyekuja na suti yake, tayari kutusomea DVD! (Séverin anaiinua diski, anaigeuza, anasafisha koo: "Somo katika... Mheshimiwa, miye naona tu sura yangu.")

Endelea kutazama, ndugu, huo ndio mwanzo wa teknolojia.

(Cédric, kutoka nyuma: "Eish, Président! Lecteur haiko mutu! Ni fasi ya kutia disque, na ile laptop haina hata tundu!" Ukumbi mzima unaangua kicheko.)

Tundu, ndugu Cédric, limo katika awamu ya pili.

(Mama Huguette anasimama na kumpokonya Séverin diski. "Miye sitaki awamu. Nataka kuona mutoto yangu!" Zaahira, jirani wa ghorofa ya chini, anamshika mkono: "Njoo kwangu, aunty. Deki ya marehemu baba bado inacheza.")

Jamani, mnakwenda wapi? Sijafika kwenye mafanikio! (Viti vinaburutwa. Ukumbi unatoka wote, isipokuwa Séverin.)

Hata hivyo akidi imetimia. Nikisema diski, jibuni izunguke! Diski! (Séverin: "Izunguke.") Teknolojia! (Séverin: "Izunguke.") Maendeleo! (Séverin, akiangalia mlango: "Nayo pia.")

(Vigelegele vinapanda kutoka chini hadi sakafu inatetemeka. Juu ya vyote, sauti ya Mama Huguette: "Yesu wangu, muangalie! Anacheka sawa miye!")

Kwa kumalizia, natoa shukrani za dhati kwa bodi ya Kituo cha Multimedia, ambayo ni mimi. Kwa wafadhili wetu, ambao barua yao bado sijaiandika. Kwa jengo la Kituo, ambalo Mungu akijalia litapata kiwanja. Na kwa shemeji yangu, mwenye laptop hii, anayeitaka saa kumi kamili. Asanteni sana kwa imani yenu. Séverin, funga mlango, tushuke mbio, wasije wakafika kwenye kukata keki bila uongozi.