Baba Mkwe Alikuwa Chini Yangu

Ndugu Onchari na Ndugu Mogaka,

Nimefedheheka leo. Si kidogo! Naandika kwa penseli ndani ya kibanda cha mabati kando ya ziwa, saa tisa mchana, nikiwa nimejifunga blanketi kiunoni (sababu mtaijua, msiwe na haraka).

Mnajua kwa nini nilipanga safari hii. Nilitaka watu wa Nyamira waone kwamba Mlima Kenya si mali ya Wazungu na kamba zao. Kijana aliyetoka chuo cha ualimu afike kileleni kwa miguu yake, kisha arudi kuwafundisha watoto alichokiona kwa macho yake. Mnajua pia kwamba Mzee Ogeto wa Nyacheki, baba yake Kwamboka, alikuwa bado hajaijibu posa yangu. Nilipomweleza habari za mlima aliacha kuchuma chai, akanitazama tangu kichwani hadi viatuni.

"Nitakuja," akasema. "Nataka kuona unavyochoka. Tukiteremka nitakupa jibu."

Basi akaja. Kofia ya kanisani, koti, viatu vya mpira vya shambani, blanketi begani. Amepita miaka sitini, na (nasema kwa uchungu) hakuchoka hata mara moja. Mimi nilichoka siku ya kwanza, kabla hatujaumaliza msitu wa mianzi.

Jana alasiri tulifika ziwa la pili. Maji ya kijani, yametulia kama kioo, na ukingoni barafu nyembamba. Uzuri ule ulinipanda kichwani. Nikapanda juu ya jiwe, nikatoa hotuba (ndiyo, hotuba). Nilimweleza Mzee kwamba ensoni, ile aibu yetu ya mkwe na wazazi wa mke, ya kutogusana, kutoonana miili, kutotaja hata vazi la ndani, ni mzigo ambao taifa changa halina sababu ya kuendelea kuubeba.

"Binadamu ni binadamu, Baba," nikamaliza.

Kisha nikateleza, nikaingia ziwani hadi kifuani.

Mzee aligeuka upande wa pili, akakaa hivyo mpaka nilipokwisha kujikamua. "Endelea, Mwalimu," aliiambia milima. "Nakusikia."

Nilianika suruali na chupi juu ya mwamba. Asubuhi chupi haikuwako. Nadhani upepo umeifikisha Embu. Suruali ilikuwako, imeganda, imesimama peke yake kama mtu. Suruali nyingine? Sikuwa nayo. Badala yake nilibeba vitabu viwili na bendera. Nikaivaa hivyo hivyo, ikilia kama mbao, nikamwomba Mungu tu nisiinue mguu sana.

Mutwiri, kiongozi wetu wa njia kutoka Meru, alitangulia. Nikafuata mimi. Mzee akashika nyuma, eti anidake nikianguka. Tulipita kokoto, tukapita theluji kidogo, tukafika kwenye mwamba wa mwisho. Ni ukuta wenye ufa katikati. Mutwiri akaupanda kama ngazi.

"Mguu wa kulia juu, Mwalimu! Juu zaidi!"

Nikainua. Suruali ikapasuka kutoka mkandani hadi gotini. Sauti yake ilikwenda ikagonga kilele, ikarudi. Ndipo nilipohisi upepo pale ambapo upepo haujawahi kufika.

"Mzee! Usitazame juu!" nikapiga kelele (mimi, adui wa mila).

"Nyasae one, Mungu wangu," sauti ikajibu chini yangu, taratibu. "Nimeshaona."

Mikono imo ndani ya ufa. Siwezi kupanda, siwezi kushuka. Mutwiri akainama kutoka juu, mkono wake haunifikii.

"Wee mzee, msukume! Msukume matakoni!"

"Siwezi. Huyu ni mkwe wangu."

"Akianguka atakuwa mkwe wa nani?"

Nikachungulia kwapani. Mzee Ogeto alikuwa amejifunika blanketi kichwa kizima, anapanda mwamba kama kipofu, huku akiomba kwa Kigusii kwa sauti ya mtu anayezika. Mkono wake ukapapasa.

"Hii ni nini?"

"Goti, Baba."

"Na hii?"

"Tafadhali, Baba! Kushoto! Kushoto!"

Hatimaye akaniwekea bega, akanirusha juu kama gunia la majani chai. Mutwiri akanidaka. Kilele kilikuwa hatua thelathini mbele yangu, kinang'aa. Nilipogeuka kumshukuru Mzee, nikaona blanketi linateremka peke yake kuelekea ziwani. Jibu langu lilikuwa ndani ya blanketi lile! Sikukigusa kilele. Nilikimbia kumfuata kwa njia ya kuzunguka mwamba (kumbe ilikuwako njia ya kuzunguka!).

Sasa tumo kibandani. Mzee ameketi amenipa mgongo, hatua tatu kutoka kwangu, na hasemi nami ila kupitia kwa Mutwiri.

"Mwambie kijana nimekubali."

"Amekubali," akasema Mutwiri.

Moyo uliruka. Kisha Mzee akaendelea. "Mtu anayepiga kelele vile ili nisimwone, ensoni anayo ya kutosha. Lakini jambo hili halifichwi. Zamani angechinjwa mbuzi wa kuiosha aibu hii. Sisi wa kanisa tutatosheka na maneno. Wazee wa pande zote mbili watakaa, naye atasimama, aseme kwa kinywa chake nilichokiona. Chote. Ndipo tuzungumze harusi."

"Muulize kama mama yake Kwamboka atakuwapo," nikamnong'oneza Mutwiri.

Mutwiri akauliza. Mzee akafikiri.

"Na shangazi zake."

Ndugu zangu, nimekwisha. Nilisomea kuhutubia watu juu ya kujenga nchi, na hotuba yangu ya kwanza mbele ya wazee itakuwa juu ya makalio yangu. Mzee anataka nisimame na wenzangu wawili. Sina wengine ila ninyi. Kama ni lazima mcheke, chekeni hapo Nyamira siku mtakayoisoma barua hii, mcheke hadi kicheko kiishe. Nyacheki nitahitaji nyuso mbili kavu kando yangu.