Jina Safi la Bernarda Olmos

Leandro Quiroga alikuwa akimalizia kahawa katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Ruzafa, jijini Valencia, aliposikia mama wa meza ya jirani akilalamika kwamba mtandao umemchafulia jina. Masikio yakamsimama. Tangu sheria ya faragha ivimbe hadi kumtaja mtu bila idhini yake kukawa kosa lenye faini, Leandro, ambaye chuo cha sheria alikijua kwa kupita nje ya geti lake, alikuwa amejitunuku uwakili.

"Wamekuandika wapi, bibie?"

"Kwenye ukurasa wa Amparo, yule mwalimu mstaafu. Eti mimi, Bernarda Olmos, ni tapeli." Mama akajifuta chozi ambalo halikuwapo.

"Nikiyafuta maandishi hayo?"

"Utaniona mtu."

Asubuhi iliyofuata Leandro akabisha kwa Amparo, tai shingoni. Ukurasa wa bibi huyo ndio uliokuwa baraza la mtaa: watu walionyana fundi gani ni mharibifu, duka gani hupunja.

"Umemtaja mteja wangu bila idhini," Leandro alisema.

"Lakini ni kweli tupu."

"Sheria haiulizi kama ni kweli, mama. Inauliza kama ameridhia. Faini yake itakula nyumba hii pamoja na paka wako."

Amparo akamtazama paka. Akaketi kwenye kompyuta, akafuta. Leandro hakujisumbua kusoma kilichofutwa. Wateja wake wote waliitwa matapeli, na wote walilipa.

Bernarda alikuwa na malipo ya namna yake. "Taslimu sina, mwanangu. Ila nina fleti Malvarrosa, dirisha linatazama bahari. Kwa wema wako, nakuachia nusu bei."

Leandro si mtoto. Alilipekua jina la Bernarda mtandaoni kwanza, akalikuta limetakata, halina hata doa. Akatoa akiba yote aliyowakamua wateja wengine, akapewa ufunguo.

Ufunguo uliingia kitasani, ukagoma kuzunguka. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani na mwanamume mwenye upawa wa wali mkononi.

"Na wewe umeuziwa?" akauliza kwa upole. "Pita ule. Wenzako nao niliwalisha."

Leandro hakula. Alikwenda moja kwa moja kwa Amparo, tai mfukoni.

"Mama, andika upesi. Bernarda Olmos anauza fleti ya watu. Atawamaliza wengine."

"Ndiyo hayo hayo niliyoandika. Fleti hiyo hiyo."

"Basi yarudishe."

Amparo akampakata paka. "Bernarda ameridhia?"

"Mama, sikiliza. Mimi si wakili."

"Ala. Na hilo nalo watu wangefaidika kulijua. Nikiliandika kwa jina lako, itabidi uridhie wewe. Unaridhia?"

Leandro akawafikiria wateja wake, mmoja mmoja, wakilisoma. Akakohoa, akaaga kwa heshima, akashuka ngazi.

Fleti ya Malvarrosa, nasikia, bado inauzwa.