Hakuna Aliyeumia

Jumatatu, 15 Machi 1954

Leo nimepata cheo! Bila kuombewa na mtu.

Ilikuwa hivi. Jumuiya yetu ya Kuwasitiri Wajane, ambayo hutengeneza nyumba za wajane hapa Amu kwa sadaka za watu, imepokea barua ya serikali. Mwenyekiti wetu, Bwana Badawi, alitusomea baada ya alasiri. Kila chama chenye watu wa kazi kiandike jina la mtu mmoja atakayebeba dhamana, wafanyakazi wasije wakaumia. Baraza zima likainamisha vichwa kama watu wanaotafuta sindano mkekani. Mimi nikatazama juu. Jina litapigwa mashine! Litasafiri mpaka Mombasa!

Hamdun, fundi wetu, alisema ana miaka thelathini juu ya mapaa ya watu na hajahitaji cheo ili kumwambia mtu asisimame chini ya boriti. Wivu tu. Nikasimama nikatangaza kwamba mimi, Gharib bin Omari, nimekubali. Hakuna aliyepinga. Bwana Badawi alisema alhamdulillahi upesi mno, lakini naona ilikuwa furaha.

Basi mimi ni Msimamizi wa Usalama. Nimetafuta daftari safi na kuandika juu yake kwa wino: Daftari la Ajali.

Mke wangu Umulkheir aliuliza, akianguka mtu, ataulizwa nani. Nikamwambia mimi ni wa kuuliza, si wa kuulizwa. Akasema haya, akaendelea kukuna nazi.

Jumanne, 16 Machi

Kazi ni kwa Bi Mwanamkisi. Paa lake lilianguka Ramadhani iliyopita, boriti zimeoza. Tangu siku hiyo analala kwa wifi yake, na wifi huyo humhesabia vijiko vya sukari. Masika hayako mbali. Bi Mwanamkisi anataka jambo moja tu duniani: mvua ya kwanza imkute kwake.

Boriti mpya zimeshalazwa, mawe yamepangwa juu yake, na chokaa imemwagwa. Sasa kina Bi Hadia, wanawake sita waliotoka Pate, wanaipiga kwa vipande vya mti mpaka ikaze. Kazi ya siku kadhaa. Na hupiga kwa kuimba.

Nilipanda na kanuni zangu kumi na saba. Kanuni ya kwanza: marufuku kuimba. Mwenye kuimba hautazami mkono wake. Bi Hadia akaniuliza kama nimewahi kupiga chokaa. Nikamjibu kwamba Msimamizi hapigi, husimamia.

Wakanyamaza. Wakapiga. Kila mmoja na lake! Kipande cha Rahima, mmoja wao, kikakigonga cha Bi Hadia, cha Bi Hadia kikaruka, kikatua juu ya kidole changu cha gumba. Hamdun, bila hata kuinua uso, alisema wimbo ndio unaouambia mkono wa huyu usikutane na mkono wa yule. Nikamwambia wimbo haukutajwa kwenye barua ya serikali.

Niliposhuka kutafuta maji ya baridi wakaanza tena kuimba. Nimejifanya sikusikia. Kidole kimekuwa bilingani.

Daftari la Ajali: Hakuna aliyeumia. (Msimamizi hahesabiwi.)

Jumatano, 17 Machi

Kidole. Sikwenda kazini. Umulkheir anasema wimbo ulisikika mpaka sokoni na hakuna aliyepata hata mkwaruzo. Bahati tu.

Alhamisi, 18 Machi

Balaa! Amini, mmoja wa mahamali wetu, amemwagikiwa na chokaa mguuni. Hakuwa na kiatu. Alipiga ukelele mpaka punda wa jirani akamwitikia. Hamdun alimwosha kwa maji mengi, kisha akampaka mafuta ya nazi.

Sasa daftari. Bwana Badawi atalisoma Jumatatu. Nikimwandika Amini, cheo kitakwenda kwa Hamdun. Nikamwita Amini kando, nikamfahamisha kwa upole kwamba ule si moto, ni mwasho. Akauliza mwasho huu umetoka wapi. Nikamwambia kwa Mungu.

Lakini mimi ni mtu wa dhamana. Watu wangu wanataka viatu. Makubadhi? Chokaa inakula ngozi. Niliwaza mchana kutwa. Kisha magharibi, natawadha msikitini, fikra ikanishukia. Mitalawanda! Vile viatu vya mti, vyenye visigino virefu mbele na nyuma, vilivyopangwa kando ya birika ili mtu aliyekwisha kuosha miguu afike kwenye mkeka bila kukanyaga vumbi. Chokaa haili mti! Na iko jozi kumi na mbili. Nasi, bila ya Hamdun ambaye kesho asubuhi anakwenda Matondoni kutazama boriti, tuko kumi na wawili kamili, mahamali na wanawake pamoja. Kama hii si ishara, ishara ni nini?

Nitaiazima baada ya alfajiri na kuirudisha kabla ya sala ya Ijumaa. Ruhusa nimeomba. Nilimwomba Madi, anayejaza maji birikani. Alikuwa amelala barazani. Hakukataa.

Umulkheir anasema mitalawanda ya msikiti ni wakfu, na wakfu hauazimwi. Nimemwambia maji ya birika nayo ni wakfu, na watu huondoka nayo miguuni kila siku.

Daftari: Hakuna aliyeumia.

Ijumaa, 19 Machi

Naandika nimelala kifudifudi. Sababu itajulikana.

Asubuhi ilianza vizuri. Nilifika kwa Bi Mwanamkisi na pakacha mbili za mitalawanda. Bi Hadia akaitazama, akanitazama mimi. "Bwana Gharib, hivi ni vya kwendea kusali, si vya kutembelea yuu ya nyumba ya mtu." Nikamsomea kanuni ya kumi na nane, niliyoitunga ndiani. Wakavaa. Wakapanda. Chokaa laini ya mwisho ilikuwa imemwagwa jana, bado mbichi. Nilisimama katikati nikawasikiliza wanavyotembea, ko, ko, ko. Nilijiona jemadari.

Kisha Rahima akateleza. Akamshika Amini, Amini akanishika mimi, na mimi sikuwa na wa kumshika. Rahima na Amini walibaki juu. Mimi nilishuka ngazi nzima kwa makalio, nikaishia ndani ya shimo la chokaa.

Wamenimwagia madumu tisa ya maji. Sitaandika zaidi.

Nilipopanda tena, nikaona. Paa zima lina vishimo, viwili viwili, kama mbuzi mia wamepita kwenda sokoni. Hamdun alikuwa amerudi. Hakupiga kelele, na hilo lilinikera zaidi. Alisema maji ya mvua yatakaa katika kila kishimo, yatapenya, yataozesha boriti, na paa litaanguka mara ya pili. Alitazama upande wa kisiwa cha Manda. Mawingu.

Bi Mwanamkisi alikuwa amesimama chini na kitanda chake. Amekileta mwenyewe na punda wa kukodi, maana aliambiwa leo ndiyo siku ya mwisho. Hakunilaumu. Aliuliza tu, kitanda akiwate au akirudishe. Hamdun akayatazama tena mawingu. Akakirudisha kwa wifi yake.

Niliona haya. Hili nimeliandika kwa penseli, nitalifuta.

Na kumbe sala! Adhana ilinikuta bado natazama vishimo. Nikaikusanya mitalawanda, nikakimbia kama nilivyo, mweupe kuanzia kofia mpaka vidole. Msikitini nikakuta watu zaidi ya thelathini wamesongamana ukingoni mwa birika, miguu imeoshwa, hakuna anayeweza kukanyaga chini. Bwana Badawi, na miaka yake sabini, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akimshikilia Madi. Nikapaza sauti kwamba nilikuwa nimeichukua kuisafisha!

Walishukuru. Waliniombea dua, wallahi. Kumi na wawili wa mbele wakaivaa upesi upesi, Bwana Badawi wa kwanza.

Chokaa mbichi na miguu iliyolowa.

Khutba imechelewa. Mafuta ya nazi yametoka nyumba saba. Imamu aliuliza, kwa sauti ndogo sana, ni nani aliyeutoa wakfu msikitini. Madi alisema yeye alikuwa amelala. Nikasema ndiyo, na hakukataa.

Daftari: Hakuna aliyeumia kazini. (Msikiti si kazini.)

Jumamosi, 20 Machi

Nimeiosha mitalawanda yote, jozi kumi na mbili, jozi kwa jozi, mbele ya imamu, kwa maji niliyoyateka mwenyewe. Nikamwambia imamu kwamba haijapata kuwa safi hivi tangu iwekwe wakfu. Alifumba macho. Nadhani alikuwa anashukuru.

Kisha nikaenda kwa Bi Mwanamkisi, pole pole, maana sijaweza kukaa wala kutembea sawasawa. Boti ya Pate ilikuwa iwachukue kina Bi Hadia leo asubuhi. Hawakupanda. Hamdun aliwaambia kuna paa la kupigwa upya, na Bi Hadia akasema boti zipo kila wiki, mjane wa kulala kwa wifi ni huyu mmoja. Wamelimwagia paa maji, Hamdun ametandaza chokaa nyembamba juu yake, wakaanza. Masharti yao ni mawili. Wimbo wao warudi. Na mimi nisikanyage ngazi.

Nikawauliza, basi Msimamizi asimamie kutoka wapi? Bi Hadia akanionyesha kisima. Nimeteka maji siku nzima! Mimi, ambaye jina lake limepigwa mashine! Nimelalamika kwa Hamdun. Alisema maji ndiyo usalama wa kwanza wa mtu wa chokaa, kwa hiyo leo ndiyo siku ya kwanza nimefanya kazi ya cheo changu. Sikupenda namna alivyosema.

Wimbo wao mpya unamtaja bwana fulani aliyelivisha paa viatu akawaacha wenye kusali miguu mitupu. Watu wa sokoni wameshaukariri. Umulkheir aliuimba akichuja tui.

Daftari: Hakuna aliyeumia.

Jumapili, 21 Machi

Mvua!

Ilishuka baada ya adhuhuri, ya ghafla, na nzito. Nikatoka mbio nikichechemea. Nikawakuta Hamdun na Bi Hadia wamesimama chumbani kwa Bi Mwanamkisi, wanatazama juu. Bi Mwanamkisi mwenyewe amekaa katikati ya chumba, juu ya kitanda chake. Alikileta tena jana jioni, hakutaka kungoja. Mapajani ana bakuli la kukingia maji.

Tukangoja. Juu mvua inapiga kama watu wanamwaga kokoto. Mimi nilikuwa nasoma kimoyomoyo kila nilichokihifadhi chuoni, na niligundua ni kidogo.

Nusu saa. Bakuli kavu.

Bi Mwanamkisi akalipitishia kidole ndani, akakitazama. Akaliweka chini, akalia. "Miezi kumi natandikiwa na watu. Usiku wa leo ntalala kwangu." Bi Hadia akamkumbatia. Hamdun akageuza uso ukutani, akaanza kukagua plasta isiyokuwa na kasoro. Na mimi machozi yalinitoka. Ni moshi, ingawa hapakuwa na moto.

Hamdun akasema paa lililopigwa mara mbili hukaza kama mwamba, hili litamzika yeye na sisi sote. Neno hilo nimeliweka akilini.

Jumatatu, 22 Machi

Mkutano. Bwana Badawi aliletwa na punda, miguu imefungwa vitambaa. Akaomba Daftari la Ajali. Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Juma zima, hakuna aliyeumia! Ni Jumuiya gani nyingine inayoweza kusema hivyo?

Amini akainua mguu wake. Bwana Badawi akainua yote miwili. Mtu mmoja wa nyuma aliuliza kwa nini mimi nimesimama wakati viti vipo.

Wakataka kulifuta jina langu. Bwana Badawi akasema halifutiki, barua ilikwisha kupanda meli Ijumaa. Mpaka mwakani, serikali inanijua mimi. Kwa hiyo wameamua hivi: Hamdun ataangalia watu, na mimi nikae nyumbani, na akiumia mtu, nitakwenda kuulizwa mimi. Hamdun aliafiki bila kucheka. Nilitegemea atacheka.

Nilisimama nikawaeleza ukweli. Paa la Bi Mwanamkisi halikuvuja kwa sababu lilipigwa mara mbili. Fundi mwenyewe kakiri. Lilipigwa mara mbili kwa sababu lilikanyagwa. Na aliyelikanyagisha ni nani? Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Bwana Badawi hakuweza kuondoka, kwa hiyo yeye nilimweleza mpaka mwisho.

Sijutii. Kosa halikuwa la fikra, lilikuwa la viatu. Alhamisi wanaanza paa la mjane mwingine, Bi Esha, na mimi nimekatazwa kufika. Nimeisoma tena nakala ya barua, mstari kwa mstari. Haisemi popote kwamba Msimamizi hawezi kumtuma wakili. Punda wangu ana kwato nne. Hahitaji viatu, haimbi, na hana kidole cha gumba. Nimekwenda kuitazama ngazi ya Bi Esha. Ni nyembamba na ina kona mbili, lakini nimeipima kwa macho.

Atapita.